Faraja Yenye Kazi: Watoto, Wajane na Wazee wa Nshamba

Mazungumzo haya yanahusu mambo matatu ambayo kwa kawaida husemwa kila moja peke yake: faraja, kujiamini na ujasiri. Faraja ni ule utulivu unaomrudia mtu baada ya uchungu, pale anapoona kwamba hakuachwa peke yake na msiba wake; kujiamini ni hali ya mtu kujua kwamba anaweza kusema, kuamua na kutenda, na neno lake likashika; na ujasiri ni kutenda lililo sahihi huku hofu ingali moyoni. Mara nyingi sifa hizi hutajwa kama mali ya mtu binafsi, kana kwamba mmoja amezaliwa nazo na mwenzake amenyimwa. Historia ya Bukoba na Muleba, wilaya za mkoa wa Kagera nchini Tanzania, na hasa ya Nshamba, kata iliyo katika nyanda za juu za Muleba, inafundisha vingine: ujasiri hulelewa na faraja, na faraja yenyewe hukamilika pale inapompa mfiwa nafasi ya kusema na kazi ya kufanya, badala ya kumtaka anyamaze.

Kwa Wahaya wa kale, wenyeji wa wilaya hizo, ujasiri ulikuwa jambo la kutamkwa mbele ya watu. Palikuwa na ebyebugo, yaani majigambo ya kishujaa, ambapo mpiganaji alisimama mbele ya mukama, mtawala wa nchi yake, akajitaja jina, akautaja ukoo wake na matendo yake, kisha akaahidi hadharani kwamba siku ya vita hatakimbia. Majigambo hayo yalikwenda sambamba na tendi zilizoimbwa kwa nanga, ala ya nyuzi nyingi iliyofungwa juu ya ubao uliochongwa, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jambo la kuzingatia ni kwamba majigambo yalihitaji hadhira. Mpiganaji hakujigamba kichakani. Alijigamba mbele ya watu ambao kesho yake wangemdai ahadi yake, na ambao kwa kumsikiliza walikuwa wamekwisha kumkubali kuwa ni mtu wa kutegemewa, hivyo kwamba kujiamini kwake kulitoka kwao kama kulivyotoka kwake. Hata hivyo jukwaa hilo lilikuwa la wanaume. Mjane na mtoto yatima walihitaji moyo mkuu pengine kuliko mpiganaji, lakini hawakuwa na mahali pa kusimama wakautangaza.

Faraja nayo ilikuwa, na hadi leo ni, kazi ya majirani. Wahaya huzika kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kwa hiyo marehemu habebwi kupelekwa mbali na walio hai. Mke hupalilia migomba akiliona kaburi la mumewe, na watoto hupita njia ya kwenda kisimani kando ya makaburi ya babu zao. Msiba ukitokea, wanawake wa jirani hufika na ndizi, maharage, kuni na maji, wakapika na kuosha vyombo, wengine wakalala hapo hapo ili mfiwa asiamke usiku akaikuta nyumba kimya. Shughuli hiyo ina utaratibu wake. Katika kijiji cha Nyakatoke, wilaya ya Bukoba, ambacho mtafiti Joachim De Weerdt alikichunguza mwaka 2000 kikiwa na kaya 119, kulikuwa na vikundi vya kusaidiana msibani, vikiwamo vya wanawake vilivyoitwa bujuni, yaani msaada, ambavyo kila mwanachama alijua anachopaswa kuleta. Huenda msikilizaji wa mjini akaona kwamba faraja iliyowekewa kanuni si faraja ya kweli. Ukweli ni kinyume chake, kwa kuwa kanuni ndiyo inayomhakikishia hata mtu asiyependwa sana kijijini kwamba siku yake ikifika watu watakuja.

Ubora wa utaratibu huo ulionekana zaidi ulipozuiwa. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Bukoba, ugonjwa unaoambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Watu 9, wakiwamo wahudumu wa afya, waliugua na 6 kati yao wakafariki kabla ya mlipuko kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Hesabu hiyo ni ndogo ukiilinganisha na maafa mengine ya mkoa, lakini kwa wiki kadhaa kila kitu ambacho kwa jirani kilikuwa njia ya kufariji, kushikana mikono, kumwosha marehemu, kujazana sebuleni, kiligeuka kuwa hatari, na wafiwa waliachwa na jambo ambalo mila zao hazikuwahi kuliandalia jibu: msiba usio na watu.

Kabla ya hapo, Muleba ilikuwa imekwisha kuona tukio lililoandikwa katika vitabu vya tiba duniani kote, na ambalo mara nyingi husimuliwa kama kichekesho, ingawa halikuwa hivyo hata kidogo. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, wakati huo ikiwa katika wilaya ya Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na hali hiyo, ambayo kwa wengine ilidumu saa chache na kwa wengine siku kadhaa, huku vicheko vikichanganyika na vilio. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Wanafunzi waliporudishwa makwao, hali ilisafiri nao: huko Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217, wengi wao vijana na watoto, waliugua katika miezi ya Aprili na Mei. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa ya mlipuko huo mwaka 1963, walitafuta sumu katika chakula na vijidudu katika damu wasipate kitu. Wagonjwa wenyewe walieleza kwamba walihisi vitu vikitembea kichwani, na kwamba waliogopa kuna mtu anawafukuza.

Kauli hiyo ya wagonjwa ndiyo yenye uzito kuliko takwimu zote. Mtu anayesema kwamba anafukuzwa anaeleza hofu, na hofu hiyo haikuwa na jina wala msikilizaji. Wasichana wale walikuwa kati ya umri wa miaka 12 na 18, wako mbali na mama zao, chini ya nidhamu kali, katika mwaka ambao wakubwa waliwatarajia wasomi wachache wa kike kubeba matumaini makubwa ya taifa changa. Wataalamu wa baadaye wameieleza hali hiyo kuwa ni ugonjwa wa kijamii wa nafsi, yaani mateso ya moyo yanayojitokeza mwilini na kuambukizana kati ya watu wanaoishi chini ya shinikizo moja. Lugha ya kila siku ingesema kwamba walijikaza mpaka wakashindwa.

Miaka 21 baadaye hofu ya aina nyingine iliingia, na safari hii ilikuwa na sababu iliyoonekana kwa darubini. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiletwa na wafanya magendo kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini, karibu mtu mmoja katika kila wanne, walikuwa na virusi, na katika Bukoba vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Makaburi mapya yaliongezeka kwenye vibanja, na waliozikwa humo walikuwa wazazi wenye umri wa kuzaa na kulea, kwa hiyo waliobaki nyumbani walikuwa bibi na wajukuu.

Hasara waliyoipata watoto hao imepimwa. Kaya zaidi ya 900 za Kagera zilifuatiliwa katika utafiti wa mwaka 1991 hadi 1994, kisha zikatafutwa tena mwaka 2004, na wachunguzi wakaona kwamba mtoto aliyefiwa na mama akiwa mdogo alikua na upungufu wa kudumu wa takribani sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa shule. Hizo ni hasara zinazopimika kwa rula na kwa daftari la mahudhurio, na iliyo moyoni haina rula.

Kwa mtoto wa namna hiyo, jamii ilikuwa na neno moja tayari: jikaze. Aliambiwa asilie kwa sababu kulia kunamsumbua marehemu, au kwa sababu yeye ni mwanamume, au kwa sababu wadogo zake wanamtazama. Aliambiwa kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Mara nyingi hakuambiwa mzazi alikufa kwa nini, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa wa aibu, na wakati wa mazishi alipelekwa kwa jirani akacheze. Waliosema hayo hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa na misiba mitatu au minne kwa mwaka na hawakuwa na nguvu ya kubeba machozi ya mtoto juu ya yao. Hata hivyo ni lazima isemwe wazi kwamba jikaze si faraja. Inamtaka mtoto aonyeshe ujasiri ambao hakuna mtu aliyemsaidia kuupata, kisha inamwacha aamini kwamba uchungu wake ni kosa lake, na ndipo mwalimu anapomkuta darasani amelaza kichwa juu ya dawati, akamchapa kwa uvivu.

Mwaka 1997 ulianzishwa hapo Nshamba mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji, chini ya Mswisi Kurt Madoerin na kwa msaada wa shirika la terre des hommes la Uswisi. Wakati ambapo misaada mingi kwa yatima ilikuwa sare, madaftari na unga, mradi huo ulijikita katika kile kinachoitwa msaada wa kisaikolojia na kijamii, yaani kumsaidia mtoto aelewe kilichompata, akiseme, na arudi katika uhusiano mwema na watu wanaomzunguka. Ulianza na walimu na walezi. Mwalimu alifundishwa kumtambua mfiwa katika yule mtoto anayesinzia, anayepigana ovyo au aliyeacha kucheza, na kukaa naye bila haraka ya kumnyamazisha. Mtoto akipewa karatasi na kalamu za rangi, huchora asiloweza kulitamka: nyumba, mgomba, kaburi, na pengine yeye mwenyewe amesimama pembeni akiwa mdogo kuliko vyote. Kazi ya mwalimu hapo ni kuuliza tu, huyu ni nani, alikuwa anapenda nini, na kulisikiliza jibu hadi mwisho. Jambo hilo laonekana dogo, lakini katika kata ambayo miaka 35 nyuma watoto wake walicheka na kulia bila mtu kuwauliza wanaogopa nini, lilikuwa badiliko kubwa la tabia za watu wazima.

Kisha vijana wenyewe walikwenda mbele ya mradi. Mwaka 2000 yatima waliovuka umri wa miaka 13 hivi waliunda chama chao wakakiita Vijana Simama Imara, na wadogo zao wakapata kikundi chao, Rafiki Mdogo. Vijana hao walikuwa na katiba, walichagua viongozi wao, waliweka akiba na kukopeshana, walitembeleana wakiugua, na nyumba ya mwenzao ilipovuja walikwenda kuiezeka. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Mtoto ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa mtu wa kuhurumiwa, wa kuja kupigwa picha na kupewa sabuni, alijikuta ni mweka hazina anayedaiwa hesabu, au mjumbe aliyetumwa kwa mfiwa mpya kumpa pole kwa niaba ya wenzake. Huyo mfiwa mpya alimwamini kwa sababu alijua kwamba anayempa pole amepita njia hiyo hiyo. Tathmini iliyofanywa na Glynis Clacherty na David Donald wa Afrika Kusini ilikuta wanachama wakijiamini zaidi na wakiwa na watu wengi zaidi wa kuwakimbilia siku ya shida. Uzoefu huo wa Nshamba ulichangia kuundwa mwaka 2002 kwa taasisi ya REPSSI, inayoeneza msaada wa aina hiyo katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ukiutazama kwa jicho la mila, chama hicho kilikuwa ni bujuni na ebyebugo kwa pamoja: kusaidiana kwenye kanuni, na jina linalotamkwa hadharani kama ahadi, safari hii na watoto ambao zamani wasingepewa nafasi hata ya kusimama.

Kusimama imara, kwa yatima wa Kagera, kulikuwa pia na maana ya ardhi. Kibanja chenye kaburi la mzazi ndicho chakula, ndicho anwani na ndicho ushahidi kwamba mtoto ana kwao, na ndicho ambacho ndugu wa ukoo waligombea mara matanga yalipokwisha. Katika jambo hilo Muleba ina mwanamke anayestahili kutajwa kila panapotajwa ushujaa. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka na kuona hana wa kumtunza, aliiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo alikwenda siku ya pili yake kumshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa sheria za mila za Wahaya, zilizochapishwa serikalini mwaka 1963, mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia mdai, Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikamrudishia bibi haki yake, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, ambako Jaji James Mwalusanya aliamua mwaka 1990 kwamba kanuni hiyo inakwenda kinyume na usawa uliowekwa na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Hukumu hiyo husomwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya Afrika na vya mbali. Wasomi humsifu jaji, na anastahili. Lakini jaji hawezi kuamua shauri ambalo mtu aliliacha kwa kuogopa ukoo, na aliyesimama hadi mwisho katika mahakama zote tatu alikuwa mzee asiye na mtunzaji.

Mwaka 2003, hapo hapo Nshamba, ulianza mradi mwingine, Kwa Wazee, uliozaliwa kutokana na kuwatazama mabibi waliokuwa wakilea yatima hao. Wazo lake lilikuwa jepesi na wengi walilitilia shaka: kumpa mzee fedha taslimu kila mwezi, bila kumpangia matumizi. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa shilingi 6,000, na nyongeza kwa kila mjukuu anayelelewa. Tathmini ya mwaka 2008, ambayo kichwa chake kilitaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, iliwalinganisha wazee waliopokea na ambao hawakupokea, na ikaonyesha jambo ambalo wapangaji wa misaada hulisahau, kwamba faraja ya mzee inaanzia jikoni. Bibi asiye na chumvi huenda kuomba kwa jirani, na akienda mara ya tatu huanza kukwepwa, na akikwepwa hunyamaza hata kwenye mkutano wa kijiji. Bibi mwenye sabuni hufua nguo, huenda kanisani au kilioni bila kuona haya, humpeleka mjukuu shuleni akiwa msafi, na siku jirani yake akipungukiwa yeye huwa na cha kumkopesha. Kujiamini kwake hakukuletwa na semina. Kuliletwa na kipande cha sabuni kilichofika kila mwezi bila kukosa, na neno la kutiliwa mkazo hapo ni bila kukosa, kwa kuwa msaada unaokuja siku moja na kutoweka humwacha mtu na hofu ile ile aliyokuwa nayo.

Kutoka katika kazi hizo za Nshamba yalikuja pia mafunzo ya kujihami, kwanza kwa wasichana na baadaye kwa wanawake wazee, kwa sababu wa makundi yote mawili hulala katika nyumba zisizo na mwanamume na zenye milango isiyofungika vizuri, na hutembea peke yao kwenye njia za migombani jioni. Wazee hujifunza kusimama kwa kuachanisha miguu, kuitumia fimbo ya kutembelea, na kulijua eneo la mwili wa mshambuliaji linaloumia upesi. Sehemu ya mafunzo inayohitaji muda mrefu ni sauti. Bibi aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mwanamke mwema hapazi sauti, na ambaye katika misiba yote ya miaka ya themanini na tisini aliambiwa ajikaze, hulitamka neno hapana kwa mara ya kwanza kwa kunong'ona, wenzake hucheka naye, hujaribu tena, na huendelea kulirudia mbele yao hadi lisikike kutoka upande wa pili wa kibanja.